Mikato Kumi na Minne Juu ya Nota za Zdislava

Watu wakiniuliza binti yangu anafanya kazi gani, nikiwajibu kwamba anapuliza tuba, hunitazama kwanza usoni kuona kama natania. Sitanii. Tuba ni kubwa kuliko matarumbeta yote. Unaikumbatia kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala, na mdomo wake mpana unaangalia darini. Katika bendi za vijiji vyetu hupulizwa na wanaume wenye vitambi. Zdislava ana kilo hamsini na tatu. Akikaa nyuma yake unaona magoti, vidole na fundo la nywele, basi.

Aliirithi kwa baba yake. Mume wangu Metod alikuwa mchimbaji katika mgodi wa urani kwa miaka ishirini na miwili, na mwisho wa wiki alikuwa mtu wa besi katika bendi ya kijiji. Watu wa besi walikuwa wawili, yeye na Řehoř, dereva wa trekta. Walikuwa na utaratibu wao: mmoja akivuta pumzi, mwenzake anaishikilia nota, kisha wanapokezana, na hivyo besi haikatiki tangu mlango wa kanisa hadi lango la makaburi. Hakuna aliyewahi kusikia ni wapi Metod alipumua.

"Mimi na Metod tuna mapafu manne na mke mmoja mwenye akili," Řehoř alipenda kusema mezani.

"Yupi huyo?" nikamuuliza.

"Wangu, shemeji. Wa Metod si ndiye aliyekubali kuolewa na Metod?"

Zdislava alianza akiwa na miaka tisa. Mimi nilitaka ajifunze filimbi, kitu cha kubeba mfukoni. Metod akampakatisha tuba, ikamfunika yote, kisha tukasikia sauti kama ya ng'ombe anayeulizia zizi. Metod alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na tuba mbili, nami nilipika huku nikizisikia kupitia ukuta. Mimi nilimaliza darasa la nane na mwaka mmoja wa upishi, na hadi leo napika katika jiko la shule. Nota sijui kusoma. Lakini niliamini kwamba tuba naijua. Niliweza kukwambia kwa kusikia tu ni yupi kati yao anapuliza, na kama amechoka, na kama ana njaa.

Nguo za kazi za Metod zilifuliwa mgodini. Fulana za ndani, soksi na taulo alirudi nazo, nami nilizitia katika mashine pamoja na nguo za mtoto, maana mashine ilikuwa moja na maji yalikuwa yameshapata moto. Hakuna aliyenikataza. Miaka hiyo hatukuzungumza habari za vumbi.

Oktoba moja, siku ya sikukuu ya kanisa letu, bendi ikipita mbele ya nyumba, Metod alitoka kwenye mstari akaegemea uzio wa jirani. Alisema ana kokoto kiatuni. Nikaamini kokoto. Nikamletea na kigoda avue kiatu. Baadaye daktari wa mapafu aliniuliza ni lini mume wangu alianza kuishiwa pumzi, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikuwa na jibu. Alikufa baada ya miezi kumi na minne. Zdislava alikuwa na miaka kumi na saba. Nilijiapia kwamba kwa huyu aliyebaki sitapitwa na kitu tena.

Bendi yetu ina desturi. Mwanabendi akifa, wenzake humsindikiza kwa machi ya maziko, muziki wa kutembelea polepole, lakini chombo chake hakilii. Akiwa wa klarineti, klarineti zote hubebwa kimya. Akiwa wa ngoma, watu hutembea bila ngoma na kila mtu anahesabu hatua moyoni. Siku ya Metod, machi ilipigwa bila besi. Wimbo ulikuwa hewani, chini yake hamna kitu, kama nyumba iliyong'olewa sakafu. Řehoř alibeba tuba yake begani, analia waziwazi. Zdislava alibeba ya baba yake. Mimi nilikuwa nyuma ya jeneza, na mbele yake niliona mgongo wa binti yangu. Mabega yalipanda na kushuka, yalipanda na kushuka. Alikuwa akivuta pumzi zote za sehemu ya baba yake, moja baada ya nyingine, bila kutoa sauti.

Alisoma chuo cha muziki Brno, akarudi kufundisha katika shule ya muziki ya mji wa wilaya, dakika arobaini kwa basi. Alikaa kwangu. Nilifurahi. Mtu mwenye wasiwasi hulala vizuri akisikia mwenzake anageuka kitandani chumba cha pili.

Katika shule hiyo kulikuwa na mwalimu wa piano, Ctibor Vaněrka, mwanamume mwembamba mwenye kipara, asiye na mke wala gari, ambaye likizo zake zote alikuwa akitunga muziki. Siku moja Zdislava alimsimulia habari za maziko ya baba yake. Vaněrka akamwambia, "Hebu nipulizie ile sehemu ambayo hukuipuliza." Akampulizia, katika chumba cha madaftari. Kutokana na hiyo, Vaněrka akaanza kuandika konseto, yaani muziki mrefu ambamo chombo kimoja kinatangulia na vingine vinakifuata. Kinachotangulia ni tuba. Vinavyofuata ni fidla na ndugu zake wa nyuzi, wadogo kwa wakubwa. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya mzaha, ya tatu ya kucheza. Ya katikati ilikuwa ya Metod: besi ya machi ya maziko, peke yake, mistari saba, nyuzi zote kimya mpaka mwisho kabisa.

Alikuja kwetu Jumamosi moja ya Novemba, na saa ya kupimia mbio aliyoiazima kwa mwalimu wa michezo. Nikampa ndala za wageni, nikamkalisha jikoni, nikampa madonge ya plamu yenye mbegu za mpopi na siagi. Zdislava akakaa na tuba katikati ya jiko na kabati.

"Vuta," akasema Vaněrka. "Haya, toa."

Vioo vya kabati vikatetemeka. Vaněrka akaitazama saa.

"Sekunde kumi na tisa. Baba yako alifika ngapi?"

"Nani angempima? Alikuwa na mjomba Řehoř."

"Wewe hutakuwa na mjomba. Wenzako wote watakaa na pinde za fidla magotini. Huogopi?"

"Naogopa madonge ya mama. Nikila la nne sipulizi tena."

Vaněrka alicheka, akala la tano yeye. Kisha akauliza kama mtu anayetia mguu kwenye maji baridi, "Mistari ya katikati nimekadiria sekunde kumi na nne kila mmoja. Nikuwekee mahali pa kupumua? Hata mahali pamoja tu, katikati?"

"Hapana."

"Hakuna atakayekulaumu."

"Kila mstari pumzi moja," akasema Zdislava. Hakuwa anatania tena. "Nikipumua katikati, msafara umesimama. Jeneza halisimami njiani, Bwana Vaněrka. Siku ile nilikuwa na pumzi zote na sikuruhusiwa kuzitoa. Sasa nataka kuzitoa."

Nilikuwa nimewapa mgongo, nakoroga kitu kisichohitaji kukorogwa. Nilijua tangu dakika ile kwamba katika maisha ya binti yangu hakuna kitu alichokitaka kama kile. Nasema hivi ili mtu asije akafikiri kwamba sikujua.

Onyesho lilipangwa Mei, na orkestra ndogo ya wilaya. Januari alianza mazoezi ya kweli, kila siku akirudi kazini. Nami nikaanza kuhesabu. Juu ya mlango wa jikoni kuna saa ya mshale mwekundu. Nilisimama na mwiko mkononi na kufuata mshale. Wiki ya kwanza sekunde kumi na tisa, kumi na nane. Wiki ya tatu, kumi na tano. Februari nikasikia kumi na mbili, nikadhani nimekosea, nikahesabu tena: kumi na moja. Alipotoka chumbani alikuwa mwekundu, akashika fremu ya mlango.

"Mbona unahema?"

"Nahema kwa sababu napuliza tuba, mama. Ningekuwa nashona nisingehema."

"Zamani hukuhema hivi."

"Zamani nilikuwa napiga machi za kunywea bia."

"Kamwone daktari, mwanangu. Mara moja tu. Uniridhishe."

"Mama, acha kunihesabu. Unadhani sisikii? Sufuria zinanyamaza, nawe unasimama hapo unahesabu. Napuliza huku nasikia unahesabu."

"Sihesabu."

"Haya. Huhesabu."

Akabusu kichwa changu akaenda kuoga. Mimi nikakaa nikifikiria fulana za Metod zikizunguka ndani ya mashine na magauni madogo ya njano. Usiniulize kama vumbi la mgodi linaweza kutoka kwenye fulana likafika mapafuni mwa mtoto. Sijui. Sikumuuliza mtu, maana ningemuuliza ningelazimika kusema nani alifua.

Alhamisi moja jiko la shule lilifungwa kwa sababu ya bomba. Nikachukua mayai kumi na keki ya mpopi, kama tunavyobeba tukienda kwa daktari, nikapanda basi hadi kwa Vaněrka. Alinifungulia akiwa na sweta iliyotoboka kiwiko.

"Bi Drahuše! Kuna nini?"

"Nimekuja kuhusu Zdislava. Mapafu yake yameanza. Kama ya baba yake."

Sikusema naogopa. Sikusema nadhani. Nilisema yameanza, kama mtu mwenye karatasi ya hospitali mkobani. Vaněrka alikaa kwenye kiti cha piano.

"Amepimwa?"

Hapo ndipo ningeweza kurudi. Nilikuwa na keki mapajani, ningeweza kusema hapana, ni mimi tu na saa yangu ya jikoni.

"Anapimwa," nikasema.

"Mungu wangu. Na mimi namwandikia vitu hivi."

"Mkatie mistari. Mpe mahali pa kupumua. Lakini asijue kwamba nimekuja."

"Ataona. Ataniuliza."

"Mwambie umefikiria upya. Si wewe mtunzi?"

Alizichukua karatasi kwenye piano, akazitazama muda mrefu. "Bi Drahuše, mistari hii ndiyo roho yenyewe. Aliniambia jeneza halisimami."

"Muziki utaandika mwingine," nikamwambia. "Mimi binti mwingine sizai."

Akachukua penseli. Alama ya kupumua ni mkato mdogo, kama ule tunaouweka katikati ya sentensi, ila huwekwa juu ya mstari. Aliweka miwili katika kila mstari. Nilihesabu pale pale: kumi na minne. Alipomaliza alikuwa na uso wa mtu aliyemfunga mbwa wake mwenyewe mnyororo. Mimi nilirudi na basi mwepesi kabisa, nikalala usingizi njiani, nikapitiliza kituo.

Vaněrka hakumwambia Zdislava. Lakini ni mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu akipewa siri ya ugonjwa anadhani lazima amwambie anayehusika. Akamwambia meneja wa orkestra, Bi Hronková, kwa kunong'ona, ili ajiandae endapo lolote litatokea. Bi Hronková akajiandaa. Redio ilikuwa imeshapanga siku ya kuja kurekodi, ukumbi umeshatangazwa. Akampata mpuliza tuba kutoka Praha, akamtumia karatasi zenye mikato, akampa mkataba. Yote hayo yalichukua wiki tatu, na mimi na Zdislava tulikuwa tunakula supu pamoja kila jioni bila kujua.

Bahasha ya karatasi zilizoandikwa upya ilifika Machi, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa namenya viazi. Zdislava aliifungua amesimama, akafika sehemu ya katikati, akasimama vilevile muda mrefu.

"Nani kaweka hii?"

"Nini, mwanangu?"

Alichukua simu akampigia Vaněrka. Nilisikia upande wake tu.

"Bwana Vaněrka, kuna makosa, mnakili ameweka alama za kupumua... Wewe? Kwa nini?... Afya yangu ipi?"

Kisu changu kilisimama. Nyumba yetu ni ndogo, kisu kikisimama kinasikika.

"Vipimo gani?" akasema kwenye simu. Kisha akageuka, simu ingali sikioni, akanitazama. Sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo na mtoto wangu. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma jina kwenye mlango kuhakikisha kama ndiyo nyumba aliyoitafuta.

"Mama," akasema. Basi.

Jumatatu alienda kupigwa eksirei. Ijumaa akaja na karatasi, akaiweka mezani mbele yangu.

"Soma."

Nikavaa miwani. Mapafu safi, pande zote mbili. Hakuna kivuli. Nikaanza kulia, nikanyanyuka nimkumbatie, akarudi nyuma hatua moja akagonga kabati.

"Unalia kwa furaha," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Kwa furaha. Mungu mkubwa."

"Nimepigiwa leo. Tuba atapuliza mtu wa Praha. Ameshasaini, na redio wameshaambiwa jina lake."

"Basi wapelekee karatasi hii! Waonyeshe!"

"Nimeipeleka. Bi Hronková ameisoma, akanishika mkono, akaniambia nipumzike. Karatasi nimeishika yeye anaiona, na bado ananiambia nipumzike." Alicheka kidogo, vibaya. "Anasema mwaka ujao watanipa nafasi. Mwaka ujao wataniwekea kiti cha magurudumu na mtungi wa oksijeni, nami nipunge mkono."

Nilienda kwa Řehoř jioni ile kabla jua halijazama. Siku hizi ana miaka sabini na sita, anafuga sungura. Nilimweleza yote, sekunde kumi na tisa mpaka kumi na moja, nikitaka angalau mtu mmoja aniambie kwamba yeyote angeogopa. Alikuwa anawapa sungura karoti. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anapuliza nota zipi?" akauliza.

"Nijuaje? Za chini. Za chini sana, vikombe vilikuwa vinalia kabatini."

"Shemeji." Aliweka ndoo chini. "Nota ya chini inakula pumzi. Ukishuka chini, tena kwa nguvu, pumzi ya sekunde ishirini inaisha kwa kumi. Metod vilevile. Mimi vilevile. Ndiyo maana tulikuwa wawili! Mtu anaanza pale, halafu anajifunza kuibana kidogo kidogo. Mpe mpaka Mei angefika hizo kumi na nne."

"Machi za zamani..."

"Machi hazishuki huko. Ungeniuliza. Niko hapa hapa, mita mia mbili, na sungura." Alikuwa na hasira sasa, hasira ya mtu anayempenda mtoto asiye wake. "Miaka thelathini umesikiliza tuba kama mtu anavyosikiliza friji. Inanguruma, ni nzima. Imenyamaza, ni mbovu. Ndivyo ulivyosikiliza."

Alinipa karoti niende nazo nyumbani, maana hakujua afanye nini kingine.

Vaněrka alikuja kwetu akiwa ameshika kofia. Alisimama mlangoni, hakutaka ndala. Alisema amemwomba Bi Hronková mara tatu, amesema hata ataondoa muziki wake, lakini ukumbi ungelipiwa na nani? Alisema ataifuta ile mikato. Baadaye akampigia yule wa Praha amwambie aifute kwake, na yule mtu akasema hapana, amejifunza nayo, na mpulizaji yeyote mwenye akili timamu angepumua pale pale. Vaněrka akatueleza hayo kwa sauti ya chini. Zdislava alikuwa amekaa ngazini anafunga kamba za viatu.

"Si kosa lako," akamwambia Vaněrka. "Wewe uliambiwa."

Mimi nilikuwa nimesimama kati yao.

Shuleni nako habari zilifika. Mzazi mmoja alimuuliza mwalimu mkuu kama mwanawe hatapata madhara kwa kufundishwa na mtu wa mapafu. Mwingine alimletea asali. Zdislava alipokea asali, akasema asante, akaileta nyumbani, akaiweka mbele yangu.

Onyesho lilikuwa Jumapili, saa tano asubuhi, katika ukumbi wa mji. Zdislava hakwenda. Alikuwa ameenda Austria tangu Ijumaa, kwenye majaribio ya kazi katika jumba moja la opera huko Linz. Kadi yake ya mwaliko aliiacha juu ya meza. Sijui kama aliiacha kwa ajili yangu au aliiacha tu. Nilienda na Řehoř, aliyevaa suti ya mazishi kwa kuwa hana nyingine.

Mtu wa Praha alikuwa mrefu, mwenye adabu, na alipuliza vizuri. Siwezi kumnyima hilo. Sehemu ya kwanza watu walicheka pale walipotakiwa kucheka. Kisha wenye fidla wakaweka pinde magotini. Ukumbi ukanyamaza, na tuba ikaanza peke yake, chini kabisa, hatua kwa hatua. Niliijua. Ilikuwa sakafu ile ile iliyong'olewa siku ya Metod. Kwa muda mfupi nilimwona binti yangu na mabega yake yakipanda.

Halafu yule mtu akapumua.

Ilikuwa pumzi ya kawaida, ya haraka, kupitia mdomoni. Wengine hawakuisikia. Mimi niliisikia kama mtu aliyeita jina langu. Jeneza likasimama. Likaendelea, likasimama tena. Sikutaka kuhesabu, na nilihesabu. Kwenye ya tisa Řehoř aliinamisha kichwa. Kwenye ya kumi na nne niligundua kwamba nami nimekuwa nikizuia pumzi yangu katikati ya mikato, kana kwamba ningeweza kumshikilia nota.

Nyuzi zikaingia, laini sana. Watu walilia. Nami nililia, na mwanamke aliyekuwa kando yangu akanipa leso akidhani tunalilia kitu kimoja.

Nje, kwenye ngazi, Bi Hronková alinijia akanishika mikono yote miwili. "Anaendeleaje? Mwambie tunamwombea."

"Ni mzima," nikasema. "Ni mzima kabisa. Ni mimi niliyekosea, mama. Mimi ndiye niliyesema uongo."

Alinitikisia kichwa taratibu, kama watu wanavyowatikisia wajane. "Mzazi anajisemea lolote," akasema, akanipapasa bega. Hakuniamini. Niliposema uongo waliniamini wote mara moja.

Linz walimchukua. Aliondoka Agosti na tuba ya baba yake katika kiti cha nyuma cha gari la Řehoř, imefungwa mkanda. Mimi nilimfungia viazi, mafuta ya bata na jamu ya plamu, akavipokea vyote. Hatukugombana. Ningependa tungegombana. Miezi yote ile hakuniinulia sauti hata mara moja. Alikuwa akinijibu kila nilichouliza, kwa adabu, na hakuna jibu lililokuwa refu kuliko swali.

Hunipigia Jumapili baada ya chakula cha mchana. Ananiambia hali ya hewa. Ananiambia ni opera gani wanapiga, na kwamba tuba ndani yake ina nota thelathini na mbili, muda uliobaki anasoma gazeti gizani chini ya jukwaa. Nikicheka, anacheka kidogo. Nikiuliza afya, anasema, "Nzima, mama." Nimejifunza kutouliza mara ya pili.

Novemba iliyopita nilikutana na Řehoř dukani, kwenye foleni ya mkate.

"Mshono wake umepona?" akaniuliza.

"Mshono wa nani?"

Nikaona uso wake unavyobadilika. Mzee yule hajui kuficha. Akaanza kuzungumzia sungura, nikamshika kola palepale mbele ya watu. Ndipo akasema. Zdislava alipasuliwa kidole tumbo. Wiki tatu zilizopita. Alikaa hospitali siku tano, na Jumapili ile aliyonipigia akaniambia kuna ukungu, alikuwa kitandani.

Nilimpigia nikiwa bado na koti.

"Kwa nini hukuniambia?"

Nilisikia anavyopumua, pumzi nzuri, ndefu.

"Ungempigia daktari, mama."

"Nisingempigia!"

"Haya," akasema. "Usingempigia."

Nilitaka kuapa. Mkono mmoja ulikuwa na simu. Mwingine ulikuwa na kalamu, na nyuma ya risiti ya mkate nilikuwa nimeshaandika jina la hospitali, kama Řehoř alivyolitamka.